Kombi Yachemka Bila Maji

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama haina huruma na gari kuukuu. Huanzia kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na katika mwendo usiotimia kilomita 40 humpandisha msafiri hadi kwenye mgongo wa milima inayogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, zaidi ya mita 2,000. Kona hufuata kona. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili ni bonde. Vijana wenye baiskeli hujishika nyuma ya malori ili wavutwe kupanda, na wenzao hushuka wakiwa wamepakia mikungu ya ndizi, kwa kasi ambayo humfanya mgeni afumbe macho. Injini yenye kasoro iliyojificha katika mitaa ya tambarare ya mjini, hapa hulazimika kuitoa siri yake.

Ndivyo ilivyotokea kwa Kombi ya familia moja ya Bujumbura. Ilikuwa Volkswagen ya mwaka 1974, yenye injini ya 1600 nyuma, iliyotengenezwa na karakana ya Westfalia huko Ujerumani iwe gari la kulala safarini: kitanda nyuma, kabati ubavuni, jiko dogo la gesi, sinki, na paa liinukalo kama kifuniko cha sanduku. Baba mwenye nyumba huipenda sana, kwa kuwa humwezesha kuwapeleka mke na watoto Ngozi kwa wazee bila kumsumbua mtu kwa malazi. Siku hiyo ndani yake walikuwamo watu watano, magunia mawili ya mchele, tangi la maji limejaa pomoni, na mtoto mdogo amelala kitandani nyuma.

Walipokwisha kupanda kiasi cha nusu ya mlima, taa ndogo nyekundu iliwaka mbele ya dereva. Baba aliitambua: taa ya chaji. Akafikiri kama wafikirivyo madereva wengi, yaani kwamba dinamo haichaji, betri bado ina nguvu, na mchana huu hakuna haja ya taa za mbele. Basi na waende hadi Bugarama wakatazame huko. Akazidi kukanyaga mafuta. Kwenye kona ya pili injini ikaanza kugonga kama mtu apondaye kokoto. Kwenye kona ya tatu nguvu zikapungua, gari likawa linajikokota. Ndipo mtoto aliyelala nyuma alipoamka akilia.

"Mama, kitanda kinaunguza!"

Mama alipeleka mkono chini ya godoro, akaurudisha upesi. "Baba watoto, simamisha gari. Huku nyuma kuna moto."

Katika Kombi dereva huketi juu ya magurudumu ya mbele, na injini iko nyuma kabisa. Harufu yake na kelele zake huachwa barabarani, wala hazimfikii. Katika Kombi nyingi za namna hii hakuna hata kipimajoto cha kumwonyesha hali ya injini. Alalaye nyuma, kwa upande wake, ametenganishwa na injini kwa bati moja na godoro basi. Kwa hiyo si ajabu kwamba habari za kweli zilitoka kwa mtoto, na baba alizipata kwa kuchelewa.

Yaliyofuata yalifanywa vizuri, isipokuwa jambo moja lililotaka kuharibika. Mawe yaliwekwa nyuma ya magurudumu, matawi ya miti yakatandazwa barabarani nyuma na mbele kuwaonya wengine. Mama, kabla hata ya kuwateremsha watoto wakubwa, aliufunga mtungi wa gesi, jambo ambalo wanaume wengi wangelikumbuka baada ya saa nzima. Kijana mmoja wa baiskeli alisimama, akafungua dumu lake. "Mzee, maji haya hapa. Mwagieni, tusaidiane." Baba alishukuru, akafungua mlango wa injini, akatafuta mahali pa kuyatia maji. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na rejeta, hapakuwa na kifuniko, hapakuwa na tundu. Akawa amekwisha kuinua dumu ayamwage juu ya injini yenyewe, hapo simu ikaita. Alikuwa ni fundi wake wa Buyenzi, mtaa ule wa Bujumbura wenye gereji nyingi na Kiswahili kingi, ambaye mama alikwisha kumpigia dakika chache zilizopita.

"Mzee, usimwage hata tone," fundi alisema. "Kaa kivulini, nakuja."

Na hapa inafaa kueleza kwa nini. Injini ya Kombi hii haina maji kwa sababu iliundwa isiwe nayo. Silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, kila moja imezungukwa na mapezi ya chuma membamba kama mapezi ya samaki. Vichwa vya silinda ni vya alumini. Mwili wa injini ni wa mchanganyiko wa magnesiamu, madini mepesi sana. Juu ya yote hayo lipo kasha kubwa la bati, na ndani ya kasha hilo feni, ambayo huvuta hewa ya nje na kuisukuma kwa nguvu ipite katikati ya mapezi, mamia ya lita kila sekunde injini inapokimbia. Joto huchukuliwa na hewa hiyo, na jingine huchukuliwa na oili, ambayo nayo hupozwa na hewa hiyo hiyo katika kipozeo kidogo kilichomo mlemle kashani.

Alumini iliyopata moto mkali ikamwagiwa maji baridi hupinda au hupasuka. Na ikiwa kwa bahati mbaya mwili wa magnesiamu umekwisha kushika moto, maji huuchochea moto huo badala ya kuuzima. Desturi ya kumwaga maji imetoka kwa malori ya rejeta, na huko nako hufanywa kwa uangalifu. Kwenye Kombi ya namna hii haina nafasi kabisa.

Sasa ile taa nyekundu. Katika gari la kawaida taa ya chaji humwambia dereva kuwa betri inatumia akiba yake. Anaweza kwenda mwendo mrefu wa mchana akifikiri la kufanya. Katika Kombi ya 1600 feni imefungwa kwenye shafti ile ile ya dinamo, na vyote viwili huzungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika, dinamo husimama, taa huwaka, na papo hapo feni husimama pia. Ile taa ndogo haikuwa ikimwambia baba habari za betri. Ilikuwa ikimwambia kuwa hewa imekoma. Kuanzia hapo dereva ana dakika chache tu, na mlimani hana hata hizo.

Taa hiyo huweza kuwaka pia kwa kasoro ya umeme tu, mkanda ukiwa mzima. Hilo haliwezi kujulikana kwa kukisia ukiwa kwenye usukani. Dereva hana budi kusimama, kufungua nyuma na kutazama. Akikuta mkanda uko mahali pake na unaizungusha feni, anaweza kuendelea polepole. Asipouona, safari imekwisha mpaka mkanda mwingine upatikane.

Si Kombi zote zilizo sawa, na mwenye gari hana budi kujua yake ni ipi. Volkswagen ilianza kutengeneza magari haya mwaka 1950, na Westfalia ikaanza kuyatia vitanda na makabati mwaka 1951. Umbo la pili, lile lenye kioo kimoja kipana mbele, lilitengenezwa Ujerumani tangu 1967 hadi 1979, na Brazil iliendelea nalo hadi 2013. Katika matoleo ya mwaka 1972 na baadaye ilipatikana pia injini kubwa zaidi, ya 1700, kisha 1800 na 2000, ambayo feni yake imefungwa kwenye ncha ya krenki yenyewe. Hiyo mkanda ukikatika feni huendelea kuzunguka. Na umbo la tatu, lenye pua ya mraba, lilipata injini za petroli za kupozwa kwa maji kuanzia mwishoni mwa 1982. Huko rejeta ipo mbele na mabomba marefu hupita chini ya gari, nayo ni habari nyingine kabisa.

Fundi alifika alasiri, amepanda lori la magunia, na mkanda mpya shingoni mwake kama tai. Injini ilikuwa imepoa. Aliufunga mkanda mbele ya baba ili naye ajue, maana kazi yenyewe si ngumu. Puli ya dinamo imegawanyika nusu mbili, na nati yake ni ya spana ya 21. Bisibisi nene huingizwa katika mwanya uliomo kwenye nusu ya ndani ya puli, ikaegemezwa ili puli isizunguke nati inapofunguliwa. Kati ya zile nusu mbili zimo washa nyembamba. Ukiziondoa washa katikati na kuzihamishia nje, nusu za puli husogeleana na mkanda hukaza. Ukizirudisha katikati, hulegea. Mkanda uliokaa sawasawa, ukibonyezwa kwa dole gumba katikati ya puli mbili, huzama kama milimita 15. Ukilegea huteleza na feni huzunguka kwa uvivu. Ukikazwa kama uzi wa zeze huua beringi za dinamo. Wapo wanaofikiri kuukaza kupita kiasi ni kuwa waangalifu.

Washa za akiba, zile zilizobaki, lazima zifungwe nje ya puli chini ya nati, zisitiwe mfukoni. Katika Kombi hii zilikuwa zimepotea zote ila mbili, maana yake mkanda wa zamani ulikuwa haujakazwa sawasawa kwa miaka kadhaa.

Injini iliwaka. Waliondoka kwa gia ya pili, fundi ameketi nyuma juu ya kitanda, sikio chini. Walifika Bugarama jioni. Lakini pale sokoni, kati ya kabichi na karoti, gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, taa nyingine ilianza kumetameta: ile ya oili. Fundi akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Oili ilikuwa nyepesi kama maji na ilinuka kama kitu kilichoungua jikoni.

"Mzee," akasema, "mkanda ulikatika, lakini mkanda si ugonjwa wenyewe."

Walilala hapo hapo Bugarama, ndani ya gari, blanketi tatu kila mmoja, maana baridi ya mlimani haimjui mtu wa ziwani. Angalau kazi hiyo Kombi iliifanya vizuri. Asubuhi walirudi Bujumbura kwa mteremko, injini ikipumzika, na safari ya Ngozi ikaahirishwa. Mchele ulipelekwa kwa basi.

Huko mjini baba alishauriwa na wajuzi wengi. Mmoja alisema injini imekwisha, inunuliwe nyingine. Mwingine alitaka kipozeo cha oili cha ziada kifungwe chini ya gari pamoja na feni ya umeme. Bei ya ushauri wa kwanza ilikuwa kubwa kuliko akiba ya nyumba kwa mwaka, na fedha hizo zilikuwa za karo. Mama aliuliza swali moja tu: "Kama injini mpya itapewa hewa ile ile iliyoiua hii, itakaa siku ngapi?" Baba akarudi Buyenzi.

Fundi hakuanza na spana. Alingoja usiku. Alitia taa chini ya gari, chini kabisa ya injini, akazima taa zote za gereji, akamwita baba aje atazame kutoka juu kupitia mlango wa injini. Hapo palipotakiwa kuwa giza tupu, palionekana mstari wa nuru upande wa kushoto mrefu kama mkono, mstari mwingine nyuma, na duara mbili zinazong'aa karibu na plagi.

"Kila unapoona nuru, Mzee, moto wa eksozi unapanda hapo."

Chumba cha injini ya Kombi kimegawanyika sehemu mbili kwa mabati. Juu ya mabati ni hewa baridi, inayoingia kwa matundu yaliyo kwenye kona za nyuma za gari, juu karibu na madirisha. Chini ya mabati ni mapezi ya silinda, eksozi na joto lote. Feni huvuta juu na kutupa chini. Ukingo wote wa mabati hayo huzungukwa na mpira mrefu unaobana kati ya injini na mwili wa gari, ili kilichotupwa chini kisirudi juu. Mpira huo ukioza, au bati moja likikosekana, feni huanza kuvuta hewa iliyokwisha kutumika. Huipuliza injini kwa pumzi yake yenyewe. Mjini kwenye tambarare injini huvumilia. Mlimani, ambako hewa ni nyembamba na mguu wa dereva umekanyaga mafuta hadi mwisho, haiwezi.

Katika Kombi hii mpira wa kushoto ulikuwa umebaki vipande vitatu vigumu kama mkaa. Wa nyuma haukuwapo. Vifuniko vidogo vya mpira vinavyoziba matundu ya plagi vilikosekana viwili. Bati la nyuma, lile dogo linalofunika juu ya eksozi, lilitupwa na mtu fulani siku injini iliposhushwa, pengine kwa sababu skrubu zake zilipotea na yeye hakuona kazi yake. Mafundi wa namna hiyo wapo kila mji. Hushusha injini yenye mabati kumi na mawili, huirudisha yenye manane, na humwambia mwenye gari kuwa sasa imepata nafasi ya kupumua. Hakuna neno lililoziua Kombi nyingi kuliko hilo. Injini hii haipumui kwa kuachwa wazi; hupumua kwa kufungiwa vizuri.

Hayo hayakuwa yote. Kwenye kasha la feni yapo matundu mawili makubwa yanayopeleka hewa kwenye masanduku ya kupashia joto chumba cha abiria. Katika nchi zetu watu wengi huyaondoa masanduku hayo, kwa kuwa nani anataka joto zaidi Bujumbura? Ila matundu huachwa wazi, na hewa iliyokusudiwa silinda hupotelea hapo mchana na usiku. Fundi aliyaziba kwa vifuniko vya bati alivyovikata kutoka kopo la rangi. Na alipofungua kasha la feni alitoa ndani yake kipande cha kanga, cheusi kwa grisi, kimejisokota katikati ya mbawa za feni. Baba alikitambua. Ndicho alichokuwa akipangusia kijiti cha oili, naye alikuwa na mazoea ya kukiacha kando ya injini ili kisipotee. Hakikupotea.

Chini ya kipozeo cha oili mapezi yalikuwa hayaonekani. Oili iliyovuja kidogo kidogo ilikutana na vumbi jekundu, vikawa tofali. Hapo hewa hata ingekuwa nyingi isingepita. Ilikwanguliwa kwa kijiti cha mti, si kwa chuma, kisha ikasafishwa kwa mafuta ya taa na brashi, na mipira ya kipozeo iliyovuja ikabadilishwa.

Ndipo fundi alipogeukia yale ambayo wengi huanza nayo. Pointi za distribyuta zilikuwa zimelika, na pengo lake limebana. Linatakiwa liwe milimita 0.4. Pointi zikibana hivyo cheche huchelewa, petroli humalizia kuungua ikielekea kwenye eksozi, na vichwa vya silinda hupata joto bila gari kupata nguvu. Cheche ikiwahi mno nayo ni mbaya, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka. Kwa hiyo taiming iliwekwa kwenye alama ya puli kama kitabu cha gari kisemavyo, wala si kwa sikio. Kabureta ilikuwa sawa. Mipira ya bomba linalotoka kwenye kabureta kwenda silindani ilikaguliwa, maana ikipasuka huingiza hewa ya wizi na petroli huwa haba, nayo petroli haba huunguza. Ilikuwa mizima. Mipira ya petroli haikuwa mizima. Ilikuwa imepasukapasuka kama visigino wakati wa kiangazi, ikabadilishwa yote siku hiyo hiyo pasipo mashauri. Petroli inayotona juu ya injini yenye moto, chini ya kitanda cha mtoto, si jambo la kungoja mwisho wa mwezi.

Mwisho zikapimwa vali, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.15 kwa kila vali. Saba zilikuwa karibu na hapo. Ya nane, vali ya eksozi ya silinda ya tatu, haikuwa na nafasi hata ya karatasi.

Silinda ya tatu ni ile ya kushoto iliyo upande wa mbele. Katika injini za kabla ya matoleo ya 1971 kipozeo cha oili kilisimama mbele yake na kuinyima hewa. Baadaye kikahamishiwa katika kikasha chake. Hata hivyo mafundi wazee bado huitazama ya tatu kwanza. Vali isiyo na nafasi haifungi sawasawa. Isipofunga haipoi, kwa maana joto lake hutoka kwa kugusana na kitako chake. Isipopoa hurefuka na kulika, na siku moja kichwa chake hukatika na kuangukia pistoni. Kompresheni ya silinda hiyo ilipopimwa ilionekana dhaifu mno kuliko za wenzake. Zile kona tatu ambazo baba alizipanda taa ikiwa imewaka zilikuwa zimeandikwa hapo.

"Fundi, ingekuwaje kama ningesimama pale pale?" baba aliuliza.

"Vali hii ilikuwa mgonjwa tangu zamani, Mzee, nisikudanganye. Lakini ungenunua mkanda na mipira tu mwezi huu, na vali tungeisikia kabla haijafika hapa."

Injini ilishushwa. Katika Kombi kazi hiyo haiogopeshi: ni boliti nne zinazoifunga kwenye giaboksi, mhimili wa nyuma, nyaya chache, waya wa mafuta, bomba la petroli, na jeki nzuri. Kichwa cha kushoto kilivuliwa, vali ya eksozi na kitako chake vikatengenezwa, na kwa kuwa kilikwisha kuvuliwa, vali ya silinda ya nne nayo ikabadilishwa. Oili mpya ilitiwa, lita mbili na nusu, SAE 40, na chujio lake la wavu likaoshwa. Injini hii haina chujio la karatasi, hivyo oili yake hutakiwa kumwagwa kila kilomita 5,000 hata kama inaonekana nzuri. Bati la nyuma lilikatwa upya kwa kufuata umbo la lile la Kombi nyingine iliyokuwa imesimama gerejini bila magurudumu. Mpira wa kuzunguka ulipatikana kwa kuagiza, baada ya majuma matatu. Mtu asiyeweza kungoja anaweza kutumia mpira wa mlango wa gari jingine wenye unene ufaao, mradi ubane pande zote na usigusane na eksozi.

Gharama yote, pamoja na kichwa cha silinda, haikufika robo ya bei ya injini iliyoshauriwa. Sehemu kubwa ya robo hiyo ilikwenda kwenye vali. Mpira, vifuniko vya plagi, bati na mkanda, vyote pamoja, vilikuwa sawa na bei ya kuku wachache.

Jambo moja baba aliliongeza kwa hiari yake: kipimajoto cha oili, chenye waya mrefu kutoka injini hadi mbele ya usukani. Oili ya injini hii hukaa vizuri kati ya nyuzi 80 na 110. Ikizidi 120 dereva hana budi kupunguza, na ikiendelea kupanda asimame, aielekeze pua ya gari kwenye upepo, aiache injini inanguruma polepole dakika chache ili feni impunguzie kazi. Hilo hufanywa mkanda ukiwa mzima tu. Mkanda ukiwa umekatika ni kuzima papo hapo.

Tena fundi alimfundisha kupanda upya, ingawa baba ameendesha miaka 30. Dereva wa gari la maji hupenda kubaki kwenye gia kubwa ili injini isipige kelele. Katika Kombi feni huzunguka kwa kadiri injini inavyozunguka, kwa mwendo unaokaribia mara mbili yake. Kupanda kwa gia ya tatu huku injini inakoroma na mguu umekanyaga mwisho ni kuwasha jiko na kuzima feni kwa pamoja. Heri gia ya pili, injini ikiimba, mguu umekanyaga nusu. Injini hii ina nguvu za farasi 50 tu, na gari lenye makabati, kitanda, watu watano na lita kadhaa za maji tayari limebeba karibu yote liwezayo. Tangi la maji linaweza kujazwa Bugarama.

Mwezi uliofuata walipanda tena, alfajiri, kabla jua halijakaa kwenye lami. Mama alikuwa nyuma na mtoto. Kila baada ya kona kadhaa alitia mkono chini ya godoro, na baba, bila kugeuza kichwa, aliuliza, "Vipi?" naye akajibu, "Vuguvugu." Sindano ilipanda hadi 100, ikafika 108 kwenye mwinuko wa mwisho, ikakaa. Bugarama walinunua karoti, wakajaza maji, na sindano ikarudi 90 kabla hawajamaliza kulipa. Mtoto hakuamka.

Mkanda wa akiba hukaa sasa katika droo ya vijiko, pamoja na spana ya 21, bisibisi nene na washa nne katika kikopo cha chumvi. Kitambaa cha kupangusia oili kina msumari wake ndani ya kabati. Vali zitapimwa tena gari likitimiza kilomita 500 tangu kichwa kifungwe, injini ikiwa haijawashwa tangu usiku, na fundi ameombwa aje nyumbani siku hiyo kabla ya chai.